Miwani ya Shahidi

Jina lake ni zuri tu, lakini sisi tunaozungumza Kiswahili hapa Birmingham tulimzoea kama Shahidi, naye aliitika. Mtu akiwa na hati ya nyumba ya kutoa jina moja na kuingiza jingine, aliuliza kama Shahidi yuko nyumbani. Yeyote aliyeulizwa alimwelekeza Bordesley Green, kwenye mstari wa nyumba za matofali zilizoshikana, mlango wa kijani unaokwama wakati wa mvua, yaani karibu mwaka mzima. Mlango huo haufunguki kwa adabu. Unausukuma kwa bega na kuomba radhi ukishaingia.

Sheria ya hapa kuhusu jambo hilo ni fupi. Ukitaka kumpa mtu nyumba yako, au sehemu yako katika nyumba mnayomiliki pamoja, unatia sahihi hati ya kuihamisha mbele ya shahidi. Shahidi anaona mkono wako ukiandika, kisha chini ya sahihi yako anaandika jina lake, anwani yake na sahihi yake mwenyewe. Basi. Hakuna chifu, hakuna muhuri, hakuna picha ya pasipoti. Shahidi asiwe mhusika katika hati hiyo, na wanasheria husema ni vizuri asiwe ndugu. Hapo pa mwisho ndipo tulipokwama sisi, kwa sababu ukituambia tutafute mtu mzima anayetufahamu ila si ndugu, tunahesabu kanisa zima na hatumpati. Kila mmoja ni dada, au shemeji, au aliyekupokea uwanja wa ndege.

Yeye alilimaliza tatizo hilo kwa njia yake. Ukiingia ukamsalimia, "Habari yako, Mama," alikuitikia vizuri, akakuuliza habari za watoto, za kazi na za magoti. Kisha alionyesha meza ya sebuleni kwa kidevu. "Nikishakaa pale mimi si mama wa mtu," alisema. "Pale niite Shahidi." Na kweli akikaa pale sura ilibadilika. Mtu aliyekuwa akikucheka kwa kunenepa dakika chache zilizopita alikutazama kana kwamba mmekutana benki.

Nadhani ukali wake ulitoka wodini. Alikuwa muuguzi maisha yake yote ya kazi, na aliniambia kwamba kuna dawa ambazo haziachiwi muuguzi mmoja. Wa kwanza anasoma chupa, wa pili naye anaichukua na kuisoma mwenyewe, na huyo wa pili hatii sahihi kwa kuambiwa tu. Alikuwa ameona wenzake wakitia sahihi huku wanatazama saa, na jambo hilo lilimkera mpaka baada ya kustaafu. Kwa hiyo ukimletea hati uliyokwisha kuitia sahihi jikoni kwako, ili yeye amalizie, alikurudisha. Haidhuru umetoka Handsworth kwa mabasi mawili na umelowa chapachapa. "Hii mimi sijaiona ikiandikwa," alisema. "Lete nyingine safi." Kuna waliomwita mkoloni kwa tabia hiyo, na habari zilimfikia, maana huku habari zote hufika. "Mkoloni gani anakumiminia chai?" aliuliza, akikumiminia.

Chai yake ilikuwa na tangawizi nyingi mno. Nilikunywa miaka yote na sikuwahi kuipenda, lakini siku hizi nikiinywa ya mtu mwingine naiona maji.

Watu hawakuamini kwamba mambo mazito namna hii yanaweza kwenda bila muhuri. Mzee mmoja wa kanisa, Mkenya mwenzetu, alikwenda Soho Road akachongesha muhuri wenye jina lake na nyota mbili, akaja nao umefungwa kwa leso. Shahidi hakumvunja moyo. Aliuchukua, akaugonga kwenye tangazo la pizza, akausifu kwamba unatoka vizuri sana, kisha akamrudishia na kumwomba autumie kwenye kadi za Krismasi. Hati za mashamba ya nyumbani alikataa hata kuzifungua. Hizo aliwaambia watu wazipeleke kwa wakili mwenye mamlaka, huko ndiko kunakotakiwa mihuri, na kama wana bahati watapigiwa mitatu.

Tukio lililomchekesha kuliko yote lilikuwa la familia moja iliyotoka mashariki mwa Kongo. Mume na mke walikuwa wanamwachia kaka wa mume nyumba waliyoinunua pamoja. Kwao jambo la nyumba humalizwa mbele ya watu, na kadiri watu wanavyokuwa wengi ndivyo mtu anavyoshindwa kugeuka kesho. Wakaipeleka hati kanisani. Baada ya ibada ikapita mikononi mwa ushirika mzima kama kadi ya mchango, na kila mmoja akatia sahihi kama shahidi, wengine pembeni, wengine nyuma, na mchungaji akaongeza mstari wa baraka. Wakamletea Shahidi ili naye apate nafasi, kama ipo. Nilikuwepo siku hiyo. Alisoma majina yote kwa sauti, akafika kwenye baraka, akavua miwani na kujifuta macho.

"Mama, shida iko wapi?" mke aliuliza. "Tulisaini wote juu tuko famille moja."

"Ndiyo hiyo shida, mama," Shahidi alijibu. "Karatasi inataka mtu mmoja aliyeona. Nyinyi mmeniletea umati uliopenda."

Alimshika mkono wakati akisema hivyo, na yule mama akacheka pia. Walikwenda wakarudi na hati safi, na siku hiyo ushirika wote ulingoja nje kwenye baridi, kwa hiari yao, wakiimba polepole ili wasisumbue majirani.

Sasa niseme juu ya ile meza, kwa sababu kila kitu kilikuwa pale. Kalamu yako hakuitaka. Alikuwa na yake, ya wino mweusi, ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuitumia kwa jambo jingine. Kando yake aliweka matangazo ya pizza na kuku yanayotupwa mlangoni kila siku, na upande mweupe wa tangazo ndipo ulipojaribu sahihi yako kwanza. Alisema mkono wa mtu anayetoa nyumba hutetemeka hata kama anatoa kwa furaha, basi acha utetemekee kwenye pizza. Hapo bado hujagusa hati.

Kisha aliwatoa wengine wote. Mume, mke, kaka, mtoto mwenye digrii, wote walikwenda kusimama ukumbini, ule ukumbi mwembamba wenye giza. Koti la marehemu mumewe lilining'inia palepale juu ya swichi ya taa, na wageni walipapasa ukuta mpaka wakakata tamaa wakasimama gizani. Tulimwambia mara nyingi alisogeze lile koti. Alisema koti liko mahali pake, aliyekosea ni fundi wa umeme. Sebuleni mlibaki wawili, yeye na anayetoa, na aliuliza maswali matatu. Sheria haimtaki shahidi aulize chochote. Ingetosha aone sahihi. Lakini yeye aliuliza kwa sauti ndogo, akikutazama juu ya miwani.

"Unajua unachotoa? Nani amekwambia ukitoe? Na ukishakitoa, utalala wapi?"

Wengi walijibu yote bila shida, wakatia sahihi, naye akatia yake, akaita watu waingie wanywe chai. Lakini wapo waliojibu mawili wakanyamaza kwenye la tatu. Wapo waliolia kwenye la pili. Hao hakuwashauri kitu. Aliifunika kalamu, akainuka, akaenda ukumbini kwa waliokuwa wakingoja na kuwaambia maneno yaleyale kila mara.

"Leo haiwezekani. Nimesahau miwani yangu."

Miwani ilikuwa inaning'inia kifuani pake kwa kamba ya shanga, kila mtu anaiona. Huyu ndiye mwanamke aliyekurudisha Handsworth kwenye mvua kwa sababu alikataa kuandika kwamba ameona asichokiona. Katika kazi hiyo uongo wake ulikuwa huo mmoja, na aliusema bila kupepesa macho. Hakusema fulani amekataa, hakusema fulani ameogopa. Lawama aliibeba mwenyewe, mama mzee aliyesahau miwani, na watu wakaondoka pasipo yeyote kati yao kukasirikiwa. Nimeona wanaume wenye hasira wakiitazama ile miwani, wakafungua mdomo, wakaufunga. Utamwambia nini mtu wa umri wa mama yako? Utamwambia anadanganya, ndani ya nyumba yake, huku umeshika kikombe chake?

Najua ladha ya maneno yale kwa sababu na mimi yaliwahi kunisaidia. Mimi na kaka yangu tulinunua nyumba pamoja Handsworth, wakati wote wawili tukifanya kazi za kutunza wazee na kupishana mlangoni, mmoja anaingia na mwingine anatoka. Baadaye kaka akaoa. Wifi yangu sina ubaya naye. Ila nyumba yenye majina ya ndugu wawili ilianza kubana, na siku moja kaka akaniuliza kama ninaweza kutoa jina langu ili aingie mkewe. Nikasema ndiyo palepale, nikiosha vyombo. Nilisema ndiyo kwa sababu ni kaka yangu mkubwa, na kwa sababu nilitaka kuwa mtu mwepesi ambaye hasumbui.

Tukaenda Bordesley Green. Kaka akatolewa ukumbini. Nilijibu la kwanza vizuri, nikajibu la pili kwa kigugumizi kidogo. Aliponiuliza nitalala wapi nikafungua mdomo na hakikutoka kitu. Sikuwa nimefikiria. Mtu mzima, mwenye kazi, sikuwa nimefikiria hata kidogo. Hakunihurumia kwa namna ya kunidhalilisha, alifunika tu kalamu yake. Kisha nikamsikia ukumbini akimwambia kaka yangu kuhusu miwani.

Kaka alitembea nami hadi kituo cha basi. Pale ndipo alipouliza, kwa sauti niliyoikumbuka tangu tukiwa wadogo, kama nilikuwa na mahali pa kwenda. Nikamwambia sina. Akasema hakuwa amejua, alidhani nimeshapanga. Tulizungumza kwenye kituo kile kuliko tulivyowahi kuzungumza ndani ya ile nyumba. Nilipopata chumba Harborne karibu na hospitali ninakofanya kazi, na tukakubaliana vizuri juu ya fungu langu, tulirudi kwa Shahidi. Siku hiyo miwani ilipatikana. Mpaka leo napika kwa kaka yangu Krismasi, na sijui kama ningekuwa napika bila uongo ule.

Usidhani alikuwa malaika. Kanisani alichelewa kila Jumapili na kulaumu basi, wakati anakaa hatua chache na kanisa. Umbea aliupenda wazi, na ukimletea habari alikusogezea kiti. Lakini hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kusikia kwake neno lililosemwa kwenye ile meza, na hilo lilituudhi kidogo, maana tulijua mengine yote. Alihimiza watu wajiulize mara mbili kabla ya kuachia kitu, naye mwenyewe hakuachia hata kijiko. Viti vilikuwa vilevile. Zulia lilikuwa lilelile, limechakaa njia moja tu kutoka jikoni hadi kiti chake. Nilipoanza kuvaa miwani alinipigia simu kunipongeza, akasema sasa nina kitu cha kusahau.

Kisha macho yakaanza kumwacha. Hakutangaza. Tuligundua kwa sababu alianza kutukataa, akisema amechoka, tutafute mtu mwingine, vijana wapo. Mtu mmoja akambembeleza akidhani ni ile desturi yake ya miwani, akaichukua miwani mezani na kumpa kwa mzaha. Aliipokea, akaivaa, akaigeuza ile hati huku na huku, akairudisha. "Sioni ukiandika," alisema. "Basi siwezi." Tangu siku hiyo hakuna aliyemletea hati tena. Jina la Shahidi hatukumvua.

Mwanawe ni mmoja tu. Amezaliwa hapahapa, anaelewa Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza, na ni mtoto mwema, nataka hilo lieleweke. Mamake alipoteleza kwenye ngazi akakaa sakafuni mpaka jirani aliposikia, yeye hakulala vizuri tena. Akaandaa chumba cha chini nyumbani kwake Harborne, akapaka rangi mwenyewe, akaweka vyuma vya kushika bafuni. Akataka ile nyumba ya Bordesley Green mamake amwandikie yeye, aisimamie, aipangishe, na mama ahamie kwake. Mwanasheria akatuma hati. Barua iliyoambatana nayo ilisema kwamba kwa kuwa mama haoni vizuri, asomewe hati yote kwanza kabla ya kutia sahihi, na shahidi athibitishe kwamba amesomewa. Mama akaulizwa anamtaka nani awe shahidi wake. Akanitaja mimi.

Nilikwenda alasiri moja ya baridi, nikausukuma mlango kwa bega. Alikuwa amekaa kwenye meza, upande ule mwingine, wa wanaotoa. Sikuwahi kumwona amekaa upande ule. Nilimwita Mama. Akainua kidevu kuelekea kiti chake cha zamani, nikakaa.

Nikamwomba mwanawe atupishe. Alikuwa keshainuka kabla sijamaliza, anaujua utaratibu, ameuona tangu utoto wake. Mlango ukafungwa. Nikamsomea hati nzima, polepole, hata vile vipande visivyo na maana kwa mtu yeyote. Nikaitafuta kalamu nyeusi, ilikuwa mahali pake. Nikamwekea tangazo la pizza na kidole chake juu ya mahali pa kuanzia. Akaandika jina lake, likapanda, likapita ukingo wa karatasi, likamalizikia kwenye kitambaa cha meza.

"Imekaa?" aliuliza.

"Imepanda kidogo."

"Nilikuwa naandika kwenye mstari, mimi," alisema, akatabasamu upande ambao sikuwepo.

Kisha nikakaa wima. Nikamwambia leo mimi si binti yake. Akatikisa kichwa kukubali, kama mwalimu anayesikia somo lake limeshikwa. Nikamuuliza kama anajua anachotoa. Akasema anatoa nyumba hii yote, na akishaitoa si yake tena, na hakuna wa kumrudishia ila kwa kupenda. Nikamuuliza nani amemwambia aitoe. Akasema mwanawe, kwa mapenzi, na asingependa mtu afikirie vingine. Nikamuuliza atalala wapi.

Jibu alikuwa nalo. Harborne, chumba cha chini, kinatazama bustani, rangi ya krimu, ameambiwa. Alilisema lote kama alivyoambiwa. Nikaisogeza hati mbele yake, nikaweka rula chini ya mstari ili kalamu isipotee. Mkono wake ukaja, ukaikuta rula, ukatulia juu yake. Nikangoja. Kulikuwa na sauti ya basi nje na ya mwanawe akibadilisha mguu wa kusimamia ukumbini.

"Hapa bado naona," alisema.

Nikaishika rula isiteleze.

"Hapa naijua ngazi inayolia. Nayajua maji ya moto yanageuka upande gani. Nikitoka jikoni zulia linanifikisha hapa lenyewe. Swichi ya taa naijua, iko nyuma ya koti." Alivuta pumzi. "Kule ndiko nitakuwa kipofu. Na yeye amepaka rangi kwa mikono yake. Nitamwambiaje?"

Hakulia. Mimi ndiye niliyetaka kulia, na nilikuwa nimekatazwa kwa kukaa kwenye kile kiti. Nilimpenda mwanamke yule kuliko nilivyoweza kumwambia, na nilijua pia kwamba ngazi zile zitamwangusha tena. Huenda mwezi ujao angesema vingine. Huenda wao wawili wangekaa na kupata njia ambayo mimi siioni. Hilo halikuwa langu. Langu lilikuwa sahihi, na sahihi haikuwepo.

Nikautoa mkono wake taratibu juu ya rula. Nikaifunika kalamu. Alisikia kifuniko kikibana, mabega yake yakashuka, akaweka mikono yake miwili mapajani.

Nikatoka ukumbini na kuuacha mlango wazi kidogo. Mwanawe alikuwa amesimama gizani kando ya koti la babake, ameshika funguo za gari. Aliniuliza kwa Kiingereza chake cha Bordesley Green kama tumemaliza.

"Leo haiwezekani," nikamwambia. "Nimesahau miwani yangu."

Ilikuwa puani pangu. Aliitazama, kisha akautazama ule mlango ulioachwa wazi. Akatia funguo mfukoni, akapeleka mkono nyuma ya koti, akawasha taa bila kupapasa, akaingia ndani kukaa na mamake.